Mbalungi Juu ya Mawe Matatu

Binti wa kitalu alichuma jani, akalifikicha kwa vidole, akanisogezea puani kabla sijamwambia kama nimekuja kununua au nimeingia tu kupumzisha magoti. "Nusa hiyo, Mama," akasema. "Hiyo si ndimu. Ni balungi, ile ya ndani nyekundu, siku hizi huipati ovyo. Unaiweka tu kwa veranda na chombo chake, haikusumbui." Nikanusa. Lo! Harufu ile ilinikuta sijajiandaa, nikavuta ndoo iliyokuwa imepinduliwa chini nikakaa. Binti akadhani sukari imenishuka, akakimbia dukani kuniletea soda. Sikuwa na nguvu ya kumweleza, basi nikainywa.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimetoka kuangalia kisiki. Kwenye boma la marehemu babu yangu, huku ndani ya Uriri, palikuwa na mbalungi uliotulisha sisi sote, watoto kwa wajukuu, mpaka wengine wakayachoka mabalungi yake. Mjukuu aliyebaki pale ameukata. Anasema lori lake la mchanga lilikosa mahali pa kugeukia. Sikugombana naye. Umri huu ugomvi unachosha kuliko kulima, na matusi hayarudishi mti. Nilisimama pale nikitazama shina lililobaki, na kando yake, ndani ya udongo, nikaona kipande cha bati chenye kutu kimejikunja. Nilijua kimetoka wapi. Nadhani nimebaki peke yangu ninayejua.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka jinsi ambavyo hakuna kilichotupwa siku zile. Mkebe wa samli ukiisha samli unakuwa wa chumvi, ukitoboka unakuwa wa kuku kunywea maji. Kwa Mama ulikuwa wa miti. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na safu ya mikebe ya kila namna, ya samli, ya rangi, sufuria iliyokosa kitako, na karai la kuogeshea mtoto lililopasuka, na kila kimoja kilikuwa na mti ndani yake. Mdimu, mlimau, mchenza ambao haujawahi kunizidi urefu. Asubuhi, kabla hata hajawasha moto, Mama alipita na kata ya maji akinywesha mmoja mmoja huku akiguna kwa maumivu ya mgongo. Hakuna mwanamke mwingine pale jirani aliyefanya hivyo. Wenzake walikuwa na mipera na mipapai yao ardhini, imekaa inavyotaka.

Nyumba yetu ilikuwa ndani ya boma la Babu. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha chai kule Kericho, alikuja Krismasi na kwenye misiba. Mama alizaliwa kisiwani Mfangano, kwa hiyo Dani, yaani nyanya yangu aliyemzaa Baba, alimwita Nyar Mfangano, binti wa Mfangano, kama wake wa kwetu wote wanavyoitwa kwa walikotoka. Dani alikuwa na ulimi. Alikuwa akikaa kwenye kibaraza chake akichambua mboga, anaitazama ile mikebe, kisha anawaambia wageni wake kwa sauti ya kutosha kutufikia: "Huyu wangu bado hajafika. Angalieni miti yake. Yote imefungwa kama mizigo ya stendi."

Wageni walicheka. Mama naye alicheka kidogo, akaendelea na kata yake. Mimi sikucheka hata siku moja.

Kulikuwa na sababu, ila hakuna aliyenieleza, maana nani anamweleza mtoto? Kwetu mwanamume hakai bomani kwa baba yake milele. Siku inafika anatoka na mkewe wanaanzisha boma lao wenyewe, na humo ndimo mwanamke anapopanda mti anaoutarajia mpaka uzee. Lakini wanatoka kwa kufuatana. Mkubwa hatangulii kuzaliwa bure, lazima atangulie pia kutoka, na mdogo akimruka kaka yake ameleta balaa. Baba alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa Baba Mkubwa, naye alikuwa Jinja, Uganda, na kila aliyetoka huko alileta salamu zilezile: amesema anakuja Krismasi, amesema mvua ikikatika, amesema mwakani bila kukosa. Boma letu zima lilikuwa linamngoja mtu mmoja ambaye mimi nilikuwa sijawahi kumwona sura. Mama hakutaka kupanda mti kwenye ardhi atakayoihama, na hakutaka pia kukaa bila mti. Basi akapanda kwenye mikebe.

Mimi nilijua jambo jingine kabisa. Mke wa jirani yetu alikuwa ameondoka siku moja na kikapu, akisema anakwenda sokoni, na hakurudi. Alirudi kwao. Watoto wake wakabaki kwa nyanya yao, wakipita njiani na kamasi zao. Nilikaa nikapiga hesabu ya kitoto: mtu anayekusudia kukaa anapanda chini, mtu mwenye safari anapanda kwenye kitu cha kubebeka. Dani mwenyewe anasema ni mizigo. Basi Mama atarudi kwao Mfangano, na iliyobaki ni kujua lini. Mdogo wangu Onyango atamwacha, kwa sababu mtoto wa kiume ni wa boma, hilo nililisikia kwa watu wazima. Lakini msichana akishikilia gauni la mama yake sawasawa, pengine atachukuliwa. Kwa hiyo kila Mama aliposema anakwenda kutafuta mche, nililia mpaka anichukue, na kabla hatujatoka nilivaa magauni yangu yote mawili. La kanisani ndani, la nyumbani juu. Sikutaka kufika kwa watu wa Mfangano na nguo moja.

Ah, jua lile! Nikikumbuka vitalu tulivyovitembelea, kitu cha kwanza kinachonirudia si miti, ni jasho likinitiririka katikati ya magauni mawili.

Mama hakuwa anatafuta mche wowote tu. Kwao kisiwani, chini karibu na maji, baba yake alikuwa na mbalungi wa ndani nyekundu. Mvua zile kubwa za wakati wa uhuru zilipojaza ziwa, maji yalipanda yakaingia mashambani, yakasimama, na mti ukafia ndani ya maji ukiwa na matunda yake. Mama aliukuta umekauka alipokwenda kumzika mama yake. Tangu hapo akawa anaulizia. Mtu akimwambia mahali fulani wanauza miche ya jamii ya machungwa, tunakwenda.

Tulikwenda Homa Bay kwenye kitalu cha serikali. Miche ilikuwa imepangwa chini ya vichanja vya nyasi, mistari iliyonyooka kama watoto wa paredi, kila mche kwenye mkebe wake na maji yanachuruzika chini. Bwana shamba alivaa kaptula na soksi ndefu, akamsikiliza Mama kwa heshima mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, balungi ni chungu. Nani atakula? Chukua machungwa, watu wanataka machungwa." Mama akasema machungwa anayo. "Basi chukua mengine." Mama akamshukuru. Tukatoka tukakaa chini ya ukuta, tukala viazi vitamu tulivyobeba, na Mama akafumba macho muda mrefu hata nikaanza kumtikisa.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza samaki pale akatuambia kuna mke wa mwenye duka, Mhindi, ana vichungwa vya ajabu nyuma ya duka lake. Tukaenda. Ua ulikuwa mdogo, umejaa mitungi ya saruji iliyopakwa rangi, na mama mwenyewe akatupitisha kana kwamba anatutambulisha kwa watoto wake. "Hii ya achari," akasema. "Hii ya dawa ya kifua. Hii majani tu, ya kupikia. Na hii hapana kula sana, hii ya kuangalia." Ya kuangalia! Mti ulikuwa unanifika kifuani, una vichungwa vidogo kama mayai ya njiwa, vinang'aa. Aliona nimetoa macho, akanichumia kimoja, akaniambia nile na ganda lake. Ganda lilikuwa tamu, ndani ndiko kulikokuwa kuchachu, dunia imegeuzwa. Balungi hakuwa nalo.

Kabla hatujatoka Mama alimwuliza, kwa Kiswahili chake cha kujikwaa, kwa nini ameweka kila kitu kwenye mitungi na ua wa udongo anao. Yule mama akainua mabega. "Nyumba ya kupanga, Mama. Leo tuko hapa, kesho sijui."

Mama akaitikia kwa kichwa polepole, wakatazamana kama watu waliosoma pamoja. Si nilijua? Wenye miti ya mitungi wote wako njiani.

Safari iliyozaa kitu ilikuwa ya Muhuru Bay. Huko, tuliambiwa, kuna Mzee Musa, zamani alikuwa mpishi kwenye meli ya ziwani, na kila bandari aliyofika alichukua kijiti cha mti mtamu akakifunga kwenye mche wa mlimau wa kienyeji mpaka kikashika. Sasa amestaafu na hana kazi nyingine ila hiyo. Tulipanda lori lililokuwa linakwenda kuchukua omena, dagaa wa ziwani, tukafika Ijumaa jua linazama. Mzee Musa alikuwa anafunga lango la miti. Alikuwa mfupi, amevaa kofia ya sufu na joto lile lote.

"Sabato imeingia," akatuambia. "Siuzi."

"Tumetoka Uriri, Baba," Mama akasema.

"Karibuni. Mtalala kwangu, mtakula kwangu. Lakini siuzi."

Basi tukakaa Sabato nzima. Tulikwenda naye kanisani asubuhi, tukarudi, tukala samaki waliopikwa jana yake, tukakaa. Kitalu kilikuwa pale pale, ng'ambo ya uzio wa matete, na Mama alikuwa amekwisha kuuona ule mbalungi aliokuwa anautafuta. Ulikuwa kwenye debe kubwa la mafuta ya taa, majani mapana yenye kiuno katikati, kana kwamba kila jani limezaa jingine dogo chini yake. Mama aliutazama mchana kutwa. Mimi niliona tumekaa sana mahali penye mashua, na mashua zinakwenda Mfangano, na nikawa simwachi Mama hata akienda haja. Magauni sikuyavua. Mke wa Mzee Musa aliuliza kama mtoto ana homa.

Jumapili asubuhi Mzee Musa akafungua lango, na bila hata kuuliza tunataka nini akasema, "Shimo liko wapi?"

Mama hakuelewa.

"Shimo la kupandia. Mimi simuuzii mtu mti kabla hajachimba shimo. Watu wananunua kwa macho, wanafika nyumbani wanauacha ukutani, mti unakufa, kisha wanasema miti ya Musa ni mibovu. Umechimba?"

"Sijachimba."

"Basi nenda kachimbe, uje."

Mama alikaa chini. Hakuchagua mahali, alikaa tu pale alipokuwa amesimama, kwenye tope la maji ya kumwagilia, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Sijawahi kumwona mtu mzima akichoka namna ile ghafla. Mzee Musa akashtuka, akaniambia nikimbie ziwani nikachote maji ya kunywa. Nilikwenda nikitazama nyuma. Kwa hiyo sikusikia Mama alichomwambia, na laiti ningesikia ningejiokolea jasho jingi. Alinisimulia mwenyewe nilipokuwa mtu mzima: alimwambia habari ya shemeji aliye Jinja, ya ardhi ambayo bado si yake, ya mbalungi wa baba yake uliozama. Na Mzee Musa akamwambia kwamba kijiti cha huu alikipata Mfangano hukohuko, kwa mzee mmoja aliyekuwa na shamba karibu na maji.

"Huyo ni baba yangu," Mama akasema.

"Kila mtu wa Mfangano ananiambia ni baba yake," akasema Mzee Musa. Lakini niliporudi na maji nilimkuta anakagua mashimo ya maji chini ya lile debe, na uso wake umebadilika.

"Sikiliza," alimwambia. "Nitakupa bila shimo, kwa sababu unangoja na si uvivu. Ila ukiufikisha, usiuweke chini. Uweke juu ya mawe, hewa ipite. Hili debe limetobolewa, na mzizi una pua. Ukionja ardhi, huuhamishi tena. Umenisikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Juu ya mawe."

Ndiyo maana juzi yule binti wa kitalu aliponiuliza nitauweka kwa veranda ama wapi, nilimwambia shimo liko tayari. Nilikuwa namdanganya. Nilikwenda nyumbani nikamtafuta mtu wa kulichimba jioni ileile.

Lori lilitushusha barabarani, na kutoka hapo ni kichwa cha Mama. Debe la udongo wenye maji si mzigo wa mchezo. Alitembea kidogo, anatua, shingo inamtetemeka, na akishatua hawezi kujitwisha peke yake, inabidi tungoje apite mwanamke mwingine amtwishe. Wakipita wanaume wanasema "mos", pole, na kuendelea zao. Mimi nilibeba kikapu na kuwaza kwamba mtu anayejitesa hivi lazima safari yake iko karibu sana. Tulifika giza linaingia. Mama akatafuta mawe matatu yanayolingana, akayapanga nyuma ya nyumba, akaliweka debe juu yake kwa upole kama anamlaza Onyango. Dani akaja na taa yake kuangalia.

"Ala! Sasa mti umeletewa na kiti," akasema.

Ukakaa juu ya kiti chake. Misimu ikaja ikapita, na mahindi yakavunwa na kupandwa tena, na wasafiri wa Jinja wakaendelea na Krismasi zao. Mbalungi ukanenepa shina. Mama aliugeuza upande huu na huu upate jua sawasawa, na kila alipougeuza mimi nilichungulia kama anaubeba. Mwaka ulipotoa maua kwa mara ya kwanza, nyuma yote ya nyumba ilinukia, hata Dani aliacha kuchambua mboga akasema, "Nini hicho?" Akaambiwa. Akarudia mboga zake.

Baba Mkubwa alikuja wakati wa maua yale. Alikuja juu ya lori, ndani ya sanduku, na mablanketi yake yamefungwa kando. Tumbo lilikuwa limemsumbua huko Jinja, na wenzake wa kazini ndio waliomleta.

Wenye kujua misiba ya kwetu mnajua watu wanaofika. Boma lilijaa mpaka barabarani. Watu wale wote ni wa kulishwa, na sufuria haziwezi kukaa hewani, kwa hiyo wasichana na wake wa ukoo walitumwa kuzunguka boma kutafuta mawe ya kupikia. Nikaona wawili wamekuja nyuma ya nyumba yetu. Walilikumbatia lile debe, wakaliteremsha kwenye udongo, wakachukua yale mawe matatu wakaenda. Mama alikuwepo mlangoni, amebeba maji. Aliona. Kwenye matanga huwezi kumnyima mtu jiwe la kupikia, aliyekufa akiwa shemeji yako. Akapita na maji yake. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Niliona mti umekaa chini kama miti mingine, na moyo wangu ukakaa chini pia.

Kilichonishangaza ni jinsi Mama alivyolia. Alilia kuliko wadogo wa marehemu, akajitupa chini mpaka wanawake wakamshika, na Dani akawa anamtazama kwa jicho jipya. Mtu hamjui, wakasema, lakini ona anavyomlilia. Miaka baadaye Mama aliniambia ukweli wake. "Nilikuwa nimemkasirikia kila asubuhi," alisema, "nikimwagilia mikebe, namkasirikia. Nikawa nasema, mtu huyu hata aje vipi, mradi aje. Ndivyo alivyokuja." Aliposema hivyo tulikuwa tunamenya viazi, na aliendelea kumenya.

Matanga yakaisha, mawe yakabaki pale jikoni kwa wageni, meusi kwa masizi. Mama aliyapita kila siku. Hakuyarudisha. Sijui kama alisahau au alikuwa amechoka tu, maana baada ya msiba ule alichoka kwa namna ambayo kulala hakukumsaidia. Mvua za masika zikaanguka juu ya kila kitu.

Halafu kiangazi Baba akapewa ruhusa kazini. Njia ilikuwa imefunguka, aliyetakiwa kutangulia alikuwa ametangulia. Niliamshwa alfajiri nikamkuta Baba uani na jogoo kwapani, Babu ameshika moto, na Onyango amepewa shoka ambalo hawezi hata kuliinua, Baba anamshikia mpini kwa mkono wa pili, vitu ambavyo kwetu mtu haanzishi boma bila hivyo. Watu wengi walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini. Nikasikia neno kuhama. Nikarudi ndani mbio, nikavaa la kanisani, nikavaa la nyumbani juu yake. Nikajiambia, leo ndiyo leo.

Wanawake walishatwishwa mikebe midogo, mmoja mdimu, mwingine mchenza, inakwenda kwa mstari ikitikisa majani. Likabaki debe. Mama akainama, akalishika, akainuka bila kitu. Akajaribu tena.

"Ni zito, ngoja," Baba akasema, akamwachia mtu jogoo. Akavuta. Debe likatoa sauti, bati la chini lililokuwa limeoza kwa kutu likapasuka, na likabaki mikononi mwake upande mmoja tu. Pale chini tukaona mzizi, mnene kama kidole gumba cha mwanamume, umetoka kwenye debe umeingia ardhini moja kwa moja.

Baba akachukua panga.

"Usikate," Mama akasema.

"Nyar Mfangano, si ndio huu? Si ndio wenyewe tuliokuwa tunangoja kuupanda kwetu?"

"Ukikata utakufa. Wa baba yangu umeshakufa. Usikate."

Baba akasimama na panga lake hajui alifanye nini. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya mti, mikono juu ya mapaja. Aliutafuta mti ule Homa Bay na Muhuru, akaubeba kwa shingo yake, akaulinda juu ya mawe, na siku ile ambayo kwa ajili yake alifanya yote hayo, mti haukuwa tayari. Nilidhani atalia kama alivyolia kwenye msiba. Hakulia. Alitazama tu, macho makavu, kama mtu aliyefika kituoni akakuta gari limeondoka.

Dani ndiye aliyesogea. Alikuwa na jembe lake dogo la bustani. Bila kumwangalia mtu akainama, na mgongo wake ule wa uzee, akaanza kulichanachana lile debe lililooza, bati kwa bati, akilitupa kando, mpaka udongo ukabaki wazi. Akauvutia udongo wa uani, akaushindilia kwa mkono kuzunguka shina.

"Utakuja kuchuma," akamwambia Mama. "Mimi meno yangu hayawezi mambo machachu. Nitakuwekea."

Mama akajibu, "Haya, Mama." Akainuka, akajifuta magoti, akanishika mkono.

Tulitembea nyuma ya jogoo na moto. Nilikuwa nashikilia gauni lake kwa mkono mwingine, nimelivuta hasa, nikingoja barabara, nikingoja lori, nikingoja ziwa. Tukateremka mtoni, tukavuka, tukapanda upande wa pili, na watu wakasimama. Palikuwa na nyasi zilizofyekwa na fito zimelazwa chini. Nikageuka. Kibaraza cha Dani kilionekana palepale ng'ambo, na Dani mwenyewe kama nukta, bado ameinama kwenye mti.

Mama aliona jasho langu. Akaingiza kidole shingoni kwangu kunilegezea kifungo, akakuta kola nyingine chini yake. Akakunja uso. Akainua pindo la gauni la juu, akaliona la kanisani. Alinitazama kwa muda mrefu, na nikamwona akizirudia zile safari zote kichwani, Homa Bay, Muhuru, yule mke wa Mzee Musa na homa yake.

"Awuor," akasema. "Ulidhani mimi naenda wapi?"

Nilizidi kulishikilia gauni lake.

Akaketi kwenye nyasi zile zilizofyekwa, akanivuta katikati ya magoti yake, akaanza kunifungua vifungo vya gauni la juu, kimoja kimoja, kwa vidole ambavyo bado vilikuwa na kutu ya debe.

"Vua moja, nyathina, mwanangu," akasema. "Tumefika."